Maumivu Yanapobisha Hodi



Hakuna dawa iliyozoeleka nyumbani mwetu kuliko kidonge cha kutuliza maumivu. Kimo katika mkoba wa mama, kimo kabatini, kipo dukani karibu na sabuni na kiberiti. Kichwa kikiuma twameza. Mgongo ukiuma twameza. Tukirudi msibani tumechoka, twameza pia. Kwa kuwa tumekizoea, hatukiulizi neno. Juma hili tunawaalika tukiulize: kinapoingia mwilini, hufanya kazi gani, na huifanyia wapi?

Mkono unapoungua, sehemu iliyojeruhiwa hutoa kemikali, miongoni mwake zile ziitwazo prostaglandini, ambazo huzifanya ncha za mishipa ya fahamu ziwe nyepesi kushtuka. Habari husafiri kwa mishipa hiyo, hupita katika uti wa mgongo, hufika kwenye ubongo. Na ni ubongo ndio unaoigeuza habari ile kuwa maumivu. Mnamo mwaka 1971 mtaalamu Mwingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Kwa kazi hiyo alikuwa mmoja wa waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1982. Ibuprofeni na diklofenaki hufuata njia hiyo hiyo, hasa palepale penye jeraha au uvimbe. Parasetamoli, ambayo wengi wetu twaiita Panadol, ina tabia nyingine. Haipunguzi sana uvimbe. Sehemu kubwa ya kazi yake huifanya ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na namna inavyoifanya wataalamu wangali wakijadiliana.

Hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza kutugusa. Ubongo haukutenga chumba kimoja kwa ajili ya maumivu ya mwili na kingine kwa ajili ya majonzi ya moyo. Baadhi ya sehemu zinazoamka tunapojikwaa ndizo zinazoamka tunapotengwa na wenzetu. Mwaka 2010 huko Marekani, Nathan DeWall na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu waliomeza miligramu 1,000 za parasetamoli kila siku kwa majuma matatu. Kadiri siku zilivyopita, watu hao walieleza kwamba hisia zao ziliumizwa kidogo zaidi kuliko za wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Katika jaribio jingine la watafiti hao, picha za ubongo zilionyesha kwamba waliotumia dawa walipotengwa katika mchezo wa kompyuta, sehemu hizo za ubongo ziliitikia kwa unyonge. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State wakaeleza jambo la kutafakarisha zaidi: watu waliomeza miligramu 1,000, waliposoma habari za mateso ya wengine, waliyakadiria mateso hayo kuwa madogo kuliko walivyoyakadiria wale ambao hawakumeza.

Tusipige chuku. Tafiti hizi zilihusu watu wachache, tofauti zilizoonekana hazikuwa kubwa, na matokeo yake yahitaji kuthibitishwa zaidi. Asitokee mtu akatangaza kwamba Panadol yaua huruma. Hata hivyo, zatukumbusha ukweli ambao wahenga waliufahamu waliposema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu ya jirani twayaelewa kwa kuazima maumivu yetu wenyewe. Kinachotia ganzi hapa chaweza kutia ganzi na pale.

Basi maumivu si adui mtupu; ni mlinzi. Mwaka 2006 wanasayansi walichapisha habari za familia kutoka kaskazini mwa Pakistani, ambamo watoto kadhaa walizaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu kwa sababu ya hitilafu katika jeni moja. Walikuwa na majeraha ya midomo na ndimi walizojing'ata wenyewe. Mvulana aliyewafanya watafiti wafuatilie jambo hilo alikuwa akifanya maonyesho barabarani, akijichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa ya moto. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa la nyumba. Hakuwa na mlinzi wa kumwambia, «Acha.»

Je, twasema basi watu wavumilie tu? La, hasha. Kumwambia mgonjwa wa saratani ajikaze wakati tiba ya kumpunguzia mateso ipo ni ukatili uliovishwa vazi la uchaji. Papa Pius XII, akijibu maswali ya madaktari tarehe 24 Februari 1957, alifundisha kwamba ni halali kuyatuliza maumivu makali hata kama dawa itapunguza fahamu ya mgonjwa. Jirani zetu wa Uganda, kupitia shirika la Hospice Africa Uganda lililoanza mwaka 1993, wameonyesha kwamba mofini ya maji yaweza kumfikia mgonjwa hata nyumbani kwake. Lakini sisi mara nyingi mizani yetu imepinduka: vidonge kwa maumivu madogo twavigawa kama peremende, na dawa ya maumivu makubwa twaiogopa.

Gharama ya mazoea hayo ni ya kweli. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengine huagizwa pungufu ya hapo. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake, na anayechanganya bila kujua huliumiza ini. Ibuprofeni na diklofenaki zaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Anayetumia dawa hizi kwa ajili ya kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, aweza kupata maumivu ya kichwa yaletwayo na dawa yenyewe. Na mtoto mwenye malaria aliyepewa parasetamoli peke yake, homa yaweza kushuka jioni huku vimelea vikiendelea na kazi yao usiku kucha. Mama akadhani amepona, kumbe mlinzi amenyamazishwa na mwizi yumo ndani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla ya kumeza tuulize: maumivu haya yananiambia nini? Yamebisha hodi mara ngapi? Kama yanarudi kila juma, twende zahanati, tusiende dukani. Na kama kinachouma ni upweke, au ugomvi wa ndugu usiokwisha, kidonge pengine chaweza kuupunguza makali uchungu huo kwa saa chache, lakini hakiwezi kwenda kwa ndugu kuomba suluhu, wala hakiwezi kuketi kando ya mjane. Kazi hiyo imeachiwa miguu yetu.