Oskiloskopu ya kujitengenezea: tusichague chipu kwa bei tu

Hapa Kamina, onduleri ikikufa, fundi anabadilisha transista kwa kubahatisha. Inaungua tena, na makuta ya mufanyakazi imeenda. Njo maana sisi watu wa sendika ya migodi tunaunga mkono vijana wenye kutaka kujitengenezea oskiloskopu, chombo cha kuonyesha umbo la umeme. Lakini kwa chipu gani? Hapo hatukubaliani na wenye kusema: «Arduino Uno iko sawa, kila mutu anaijua.»

Haitoshi. Kwa programu yake ya kawaida, Uno inapima volti mara 9 600 hivi kwa sekunde. Umeme wa 50 Hz, sawa, utauona vizuri. Lakini ndani ya onduleri nyingi transista zinawaka na kuzima mara 20 000 na zaidi kwa sekunde: Uno haifikishi hata kipimo kimoja kwa kila wimbi. Itakuchorea wimbi la uongo, na fundi ataliamini! Pico inapima mara 500 000. STM32F103, ile ya kibao cha buluu, inafika milioni moja, ni vipimo 50 kwa wimbi lile lile. Sisi tunachagua hiyo, hata kama za bandia ni nyingi sokoni.

Tena, mguu wake wa kupimia unavumilia volti 3,3 tu. Mwenye kuuweka moja kwa moja kwenye 220 V atazika chipu, pengine na yeye mwenyewe. Kabla ya skrini ya rangi, michango yetu inunue rezista za kupunguza volti na transfoma ya kutenganisha.