Kukosa Usingizi Si Kukosa Imani

Liko neno linalosemwa sana katika shariki zetu, nasi tunaandika ili kulipinga. Mtu anakuja na kueleza kwamba usiku halali, moyo unamwenda mbio, chakula hakipiti, na siku hizi anawafokea watoto hata kwa kijiko kilichoanguka. Anajibiwa hapo hapo: "Hiyo ni imani haba. Mkristo hana msongo wa mawazo." Kisha anafunguliwa Mathayo sura ya 6 na kuagizwa afunge siku tatu. Alikuja na mzigo mmoja, anaondoka na miwili, maana sasa ameambiwa kwamba hata Mungu hapendezwi naye.

Tunasema wazi kwamba hayo si mafundisho ya Biblia, wala si ya Kilutheri.

Paulo ndiye anayetajwa zaidi, basi tuanze naye. Ni kweli aliwasihi Wafilipi waache wasiwasi na kupeleka haja zao kwa Mungu. Lakini ni Paulo huyo huyo aliyewaeleza Wakorintho kwamba huko Asia mambo yalimzidi hata hakutazamia tena kubaki hai, na kwamba hakuna siku iliyopita bila kuhangaikia makanisa. Anayemsomea msharika barua ile na kuinyamazia hii amemkata mtume vipande viwili. Na Bwana wetu katika Getsemane, aliyewaambia rafiki zake waziwazi jinsi nafsi yake ilivyojaa huzuni, naye alikuwa na imani haba?

Mtazameni pia Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, na baada ya tishio moja la Yezebeli anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu anafanya nini? Hamhubirii. Anamwacha alale. Malaika anamwamsha ale mkate na kunywa maji, naye analala tena, kisha anaamshwa ale mara ya pili kwa sababu safari ni ndefu. Swali la Mungu, kwamba anafanya nini mahali pale, linakuja baadaye sana, huko Horebu. Leo wapo watumishi ambao wangemkuta chini ya mti ule na kumkemea pepo.

Kwa Kiswahili mtu akizidiwa husema, "Nina mawazo." Wengine humcheka, kwani nani hana mawazo? Lakini neno hilo limebeba jambo la mwilini kabisa. Binadamu akiona hatari, mwili humwaga adrenalini, na baadaye kidogo homoni iitwayo kotisoli. Moyo hupiga haraka, sukari huongezeka kwenye damu, na kazi ya kusaga chakula hupungua. Mungu aliuumba mwili hivyo ili mtu aweze kumkimbia simba. Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Marekani aliyewachunguza nyani huko Kenya kwa miaka mingi, ameeleza kwamba punda milia akinusurika makucha ya simba, mwili wake hutulia. Sisi binadamu tuna uwezo wa kumwazia simba hata asipokuwapo, usiku kucha, miezi mitatu mfululizo. Mwili unaobaki katika hali hiyo huchakaa, shinikizo la damu hupanda, usingizi hukatika. Sapolsky aliona pia kwamba mara nyingi nyani wa chini, wanaoonewa na wakubwa wao, ndio waliokuwa na kotisoli nyingi. Habari hiyo ingefaa isomwe na kila mwenye msichana wa kazi nyumbani, na kila mume anayeingia kwake kwa kishindo.

Sasa fikirini mama auzaye mboga sokoni, aliyechukua mkopo wa kausha damu ili mtoto asifukuzwe shule. Kila wiki kuna rejesho, na asipolipa watakuja kubeba makochi mbele ya majirani. Simba wake anajulikana kwa jina, na tarehe ya kuja kwake inajulikana. Ukimwambia mama huyu afunge siku tatu, umemnyima mkate ambao malaika alimpelekea Eliya. Anahitaji mtu wa kuketi naye, karatasi na kalamu, deni lote liandikwe, lijulikane ni kiasi gani na lipi lianze kulipwa. Anahitaji mtu wa kwenda naye kwa mkopeshaji. Hiyo ndiyo diakonia, na sala inakaa ndani yake vizuri kabisa.

Tutaulizwa kama tunataka saikolojia ichukue nafasi ya maombi. Hapana. Wanaouliza hivyo humeza vidonge vya malaria bila kuona kwamba wamemkana Mungu. Martin Luther mwenyewe aliandamwa na huzuni nzito maishani, na mwaka 1530 alimwandikia kijana Jerome Weller, mwalimu wa watoto wake, kuhusu hali kama hiyo. Alimshauri asikae peke yake, atafute watu, ale, anywe, atanie na kucheza. Katika Katekisimo Kubwa, akieleza amri ya tatu, anataja kwamba watumwa na vijakazi waliofanya kazi juma zima wanahitaji siku ya kupumzika. Na huko Lutindi, katika milima ya Usambara, misheni ilianza mwaka 1904 kuwapokea wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ni ya kanisa letu hadi leo. Hatujifunzi jambo geni. Tumesahau la kwetu.

Linabaki jambo ambalo wengi hawapendi liguswe. Kanisa lenyewe huwatia watu msongo, kisha huwahubiria wasisumbuke. Jumapili ya mapumziko ina ibada, mnada, kikao cha jengo, kikao cha kwaya, na usiku ujumbe wa simu unaodai michango mpaka saa sita. Kuna bahasha ya ahadi, ya mavuno, ya jengo, ya jumuiya. Hatupingi sadaka, bila sadaka hakuna diakonia tunayoisema. Tunapinga orodha. Yule mama wa mboga anaketi kwenye benchi la nyuma, jina lake linasomwa kwa sauti katika matangazo pamoja na kiasi anachodaiwa, na watoto wake wanasikia. Wazee wa kanisa, orodha hiyo na ibaki ofisini kuanzia Jumapili hii. Anayetaka kujua kwa nini mama huyo hajamaliza ahadi yake aende nyumbani kwake, na asiende mikono mitupu.