Mjamzito na kizuizi cha uhamiaji Uingereza: saa 72 zinahesabiwa kuanzia lini?

Kama unaomba hifadhi Uingereza na una mimba, au unamwangalia binti, mdogo wako au jirani aliye katika hali hiyo, huenda umesikia kwamba mjamzito hafungwi. Si kweli kabisa. Sheria inaruhusu azuiliwe, ila kwa muda mfupi. Ukurasa huu unaeleza muda huo unavyohesabiwa, na kwa nini barua ya mkunga ni muhimu.

Sheria inasema nini?

Kwa mtu mzima, Uingereza haina kikomo cha muda wa kuzuiliwa kwa sababu za uhamiaji. Anaweza kukaa wiki au miezi bila kujua atatoka lini. Kwa mjamzito, Sheria ya Uhamiaji ya 2016 iliweka kikomo cha saa 72. Waziri mwenyewe akiidhinisha, muda unaweza kufika siku 7. Tena haruhusiwi kuzuiliwa isipokuwa anakaribia kuondolewa nchini, au kuna sababu za pekee.

Hapa soma kwa makini. Kama Wizara ya Mambo ya Ndani (Home Office) haikujua kuwa una mimba ulipokamatwa, saa hizo hazianzi siku ya kukamatwa. Zinaanza pale wizara inaporidhika kwamba una mimba. Mama ambaye tumbo halijaonekana, anayeona haya kusema mbele ya mkalimani wa kiume, au aliyebakwa na hajamwambia mtu, anaweza kukaa siku nyingi bila kinga hiyo.

Kikomo hiki kilipatikanaje?

Kilidaiwa. Mwaka 2014 shirika la Women for Refugee Women lilianza kampeni ya kutaka wanawake wanaoomba hifadhi wasifungwe. Madaktari wa Medical Justice walieleza madhara waliyoyaona vituoni, na chama cha wakunga, Royal College of Midwives, kikapaza sauti. Wakaguzi wa magereza walipokagua kituo cha Yarl's Wood, walikuta kwamba mwaka 2014 wajawazito 99 walizuiliwa humo, na 9 tu ndio walioondolewa nchini. Yaani wengi waliteseka bila hata lengo la serikali kutimia.

Mwaka 2016 Stephen Shaw, aliyepewa na serikali kazi ya kuchunguza vituo hivyo, alipendekeza mjamzito asizuiliwe kamwe. Serikali ikakubali nusu: saa 72. Mwaka 2023 muswada mpya ulitishia kuondoa hata hiyo nusu kwa baadhi ya wanawake. Baraza la Juu la Bunge likapinga, na kikomo kikabaki.

Kwa nini hata saa 72 ni hatari?

Mimba haisubiri karatasi. Safari ndefu ndani ya gari, chakula kisichokaa tumboni, usingizi wa mashaka na kukosa miadi ya kliniki vinaweza kumdhuru mama. Shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla. Ukiona dalili hizi, iwe ndani ya kituo au nje, usisubiri kesho:

• kutokwa damu au maji ukeni
• kichwa kuuma sana, au macho kuona ukungu
• uso au mikono kuvimba ghafla
• homa, au maumivu makali ya tumbo
• mtoto kupunguza kucheza

Nje, piga 999. Ndani, mwambie muuguzi na udai hospitali.

Jiandae mapema

Wengi hukamatwa wanapokwenda kuripoti, na ndani ya kituo simu zenye kamera hazirusiwi. Utapewa simu ndogo ya kawaida. Siku hizi kumbukumbu nyingi za kliniki ziko kwenye simu. Simu ikichukuliwa, ushahidi wa mimba nao unaondoka. Kwa hiyo:

• Mwombe mkunga barua ya karatasi yenye tarehe ya kutarajia kujifungua. Nenda nayo kila unapokwenda kuripoti.
• Andika kwenye karatasi namba za wakili, mkunga na mtu wa kukuangalizia watoto.
• Ukikamatwa, sema mara moja kuwa una mimba. Omba kupimwa, na omba muuguzi na mkalimani wa kike.
• Omba wakili. Kituoni kuna ushauri wa kisheria wa bure, na wakili anaweza kukuombea dhamana.

Wewe mlezi, baki na nakala ya barua hiyo. Ukipata habari kwamba amekamatwa, mpelekee wakili wake siku hiyohiyo.

Usiache kliniki kwa hofu. Huhitaji kibali cha kuishi ili ujiandikishe kwa daktari wa familia. Anayeomba hifadhi hutibiwa bure. Hata aliyekataliwa, ambaye anaweza kuandikiwa deni, hospitali haina ruhusa ya kumnyima au kumcheleweshea huduma ya uzazi.

Kinachodaiwa sasa

Wanakampeni wanadai mambo mawili: mjamzito asizuiliwe kabisa, na kila mtu mwingine awe na kikomo cha siku 28. Kikomo hicho cha siku 28 kilipendekezwa pia na wabunge wa vyama mbalimbali mwaka 2015, na uchunguzi wa kituo cha Brook House mwaka 2023. Hata kama huna kura, mbunge wa eneo unaloishi ni mbunge wako pia. Unaweza kumwandikia, au kumwomba mkunga wako amwandikie.