Kuunga Plastiki, Kuunda Istilahi

Mjadala wa istilahi vyuoni aghalabu huanzia kamusini na kukomea humo humo. Anayeshikilia kwamba Kiswahili hakimudu sayansi hana budi kufika Kapsoit, kwenye barabara ya Kericho kuelekea Kisumu, amtazame fundi wa maji akiunga mabomba ya polipropilini. Hatumii gundi. Hupasha kifaa chake joto la nyuzi 260 hivi, akachomeka bomba upande mmoja na kiungio upande wa pili, kisha akahesabu. Bomba la milimita 20 huhitaji sekunde 5 tu. Baada ya hapo huvichomoa upesi, akavisukuma pamoja pasi na kuvizungusha, na kuvishikilia hadi vitulie.

Uimara wa kiungo huamuliwa katika sekunde hizo chache. Joto likipungua, nyuso hugusana tu. Molekuli zake ndefu hazipati wasaa wa kupenyana na kusukana. Kiungo huonekana kizima, kumbe kitafumuka maji yajapo kwa nguvu. Joto likizidi, plastiki huvimbia ndani na kuziba njia ya maji. Ncha zikiloweshwa na mvua ya alasiri (na mvua Kericho si haba), mvuke huacha vitundu. Plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo ina shida zaidi: nyuzi hizo hazivuki mpaka wa kiungo, hivyo mzigo wote hubebwa na plastiki tupu.

Istilahi zilizopo zinasemaje? Neno "lehemu" huleta akilini bati iliyoyeyushwa baina ya vipande viwili, ilhali hapa hakuna kitu cha tatu. Plastiki hujiunga yenyewe. "Chomelea" nalo limezoea chuma na cheche. "Kuunga kwa kuyeyusha" ni refu, lakini halipotoshi, na lifaa kupendelewa.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Maelezo ya vifaa hivi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Kijana Mkipsigis anayefunzwa na fundi aliyetoka kwingine hufunzwa kwa Kiswahili, na asipopewa neno la kutofautisha kupasha na kuunguza, atajifunza kwa mabomba yanayovuja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haijafika kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya sanduku la kifaa. Wanaotafuta mada ya tasnifu wangepanda matatu hadi Kapsoit, wakiwa na daftari na saa yenye mshale wa sekunde.