Kompyuta Imeingia Stoo, Nani Aijuaye Kazi?



Wako wenzetu wasemao kompyuta imekuja kula kazi za makarani, basi. Wako na wasemao hayo ni mambo ya vijana, yatapita. Wote hawakutazama vizuri. Kazi iliyokufa ni ya kunakili. Iliyozaliwa ni ya kujua njia nzima ya shughuli, tangu mlangoni hata mwisho, na hiyo haifundishwi kwa siku mbili.

Tazameni mbolea ya ruzuku. Siku hizi mkulima wa Trans Nzoia au Bungoma huandikishwa kwanza: jina, kitambulisho, namba ya simu na ekari zake huingia katika daftari la serikali la kompyuta. Kisha hungoja ujumbe wa simu, ndipo aende bohari ya NCPB. Mwaka 2023 bei iliwekwa shilingi 2,500 kwa mfuko. Zamani karani wa stoo alitakiwa mwandiko safi na hesabu za kujumlisha. Leo akiletewa mama ambaye ekari zake tano zimeandikwa nusu ekari, mwandiko safi utamfaa nini? Yampasa ajue kosa liliingilia wapi, kijijini kwa mwandikishaji au katika namba ya simu iliyobadilishwa, na nani mwenye ruhusa ya kulisahihisha. Asipojua husema, "Mtandao umekataa." Mama hurudi na mkokoteni mtupu, na mvua ya Machi haimngoji.

Kwetu relini ni vile vile. Namba ya behewa, uzito, steshini ya kutoka na ya kwenda, vyote viliandikwa kwa kalamu na karatasi ya kaboni, na mwenye kukosea alijulikana kwa mwandiko wake. Sasa namba moja ikibonyezwa vibaya, huonekana wakati ule ule kwa kila ofisi iliyounganishwa, na kosa halina mwandiko. Tena tangu 2014, chini ya mpango wa eneo moja la forodha, ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa mzigo ungali Mombasa. Kwa hiyo aliyeko Malaba hana budi kuelewa yaliyotendeka bandarini, asikokuona.

Twajua mahali, hatupataji, ambapo mashini ziliwekwa Ijumaa, na Jumatatu karani mwenye miaka 19 kazini akaambiwa hajui kazi. Lakini ni yeye aliyejua kwamba wakati wa mahindi lori moja huja na mizigo ya watu wawili. Waliotengeneza programu hawakumwuliza neno, na programu hukubali mwenye mzigo mmoja tu. Mpaka leo huyo karani ameficha daftari chini ya meza, na ndilo linaloiendesha stoo. Meneja husifu kompyuta!

Sheria si kwamba hazipo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humpa mtu haki asikatiwe na mashini peke yake shauri linalomgusa sana. Aweza kudai binadamu alitazame upya. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri anayepunguza watu akiarifu chama mwezi mmoja mbele, na alipe siku 15 zisizopungua kwa kila mwaka wa kazi. Nzuri, lakini huyo wa pili hutusaidia tukiwa tumekwisha kutolewa nje. Twataka maneno mapya katika mapatano yetu: mafunzo saa za kazi na kwa mshahara, kabla mashini haijawashwa, mfanyakazi wa stoo aketi na watengenezaji wa programu, na karatasi ukutani ionyeshe nani husahihisha kosa gani.

Makatibu wa matawi na wakusanye habari za kila stoo na kila ofisi. Wenye madaftari chini ya meza wayalete pia, bila kutajwa majina, maana hayo ndiyo tutakayoyaweka mbele ya mwajiri.