Jiko la mkaa chumbani mwa mzazi

Kipupwe kimeingia, na kwetu sisi wakazi wa Kisongo hakihitaji kutangazwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hukihesabu tangu Juni hadi Agosti. Sisi hukihesabu tangu alfajiri ile maji ya udhu yanapoanza kuuma vidole, na ukungu wa Meru unapotanda hata magari yaendayo Dodoma yakawasha taa ilhali jua limekwisha kuchomoza. Uwanja wa ndege ulioko hapa kwetu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mabinti wanaoolewa huku kutoka Tanga na Unguja hupata taabu kuamini kwamba hii nayo ni Tanzania ile ile.

Tulikuwa tumeazimia wiki hii kuandika juu ya mafua na vikohozi vya watoto. Tumelisogeza mbele suala hilo kwa sababu ya jambo lililotokea katika nyumba moja tunayoifahamu, ambayo wenyewe wametupa ruhusa ya kulisimulia bila ya majina.

Mzazi alikuwa katika siku ya kumi na mbili tangu ajifungue. Usiku ulikuwa wa baridi kali. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa akimlea mkewe mwana katika arobaini yake, aliwasha jiko la mkaa uani. Akangoja moshi uishe na makaa yaive mekundu, kwani alijua moshi ni mbaya kwa mtoto. Kisha akaliingiza chumbani, akaweka juu yake sufuria ya maji, akafunga dirisha na kuziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu. Alikwisha kulea wazazi watano kwa namna hiyo.

Baba wa mtoto aliporejea msikitini baada ya Sala ya Alfajiri alibisha hodi, asijibiwe. Alipoingia alimkuta mkewe akisema maneno yasiyoeleweka, mama yake akitapika na kushika kichwa, na mtoto amelegea, hataki titi. Jirani wa kwanza kufika alisema ni homa ya uzazi. Wa pili alisema ni jicho. Aliyetambua, baada ya rehema ya Allah, ni binti wa nyumba ya tatu anayesomea uuguzi. Hakuuliza lolote, alifungua dirisha, akambeba mtoto hadi nje, akawaambia wanaume wawatoe wale wawili kwanza na mazungumzo yafuate baadaye. Hospitali waliwekewa hewa ya oksijeni, na wote watatu wako hai. Alhamdulillah.

Kilichowadhuru ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hapo ndipo lilipo kosa la wengi wetu: tunadhani hatari ya jiko ni moshi, na kwamba moshi ukiisha hatari imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu yasiyotoa moshi hata chembe ndiyo yanayotoa hewa hiyo kwa wingi, hasa chumba kinapozibwa na oksijeni kupungua. Hewa hiyo ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu huendelea kuzunguka mwilini ikiwa imebeba sumu badala ya uhai. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Na usingizi huo ndio humzuia kuinuka na kufungua mlango. Sufuria ya maji juu ya jiko haizuii kitu. Inaongeza unyevu tu chumbani.

Mja mzito yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa damu ya mtoto aliye tumboni huishika sumu hiyo kwa nguvu na kuiachia polepole kuliko damu ya mama. Yamkini mama akapata nafuu ilhali mtoto bado anadhurika. Mzazi aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua naye hana akiba. Na kwa vile dalili zenyewe, yaani kichwa, kichefuchefu na uchovu, hufanana na za malaria au za ujauzito, wengi humeza dawa na usiku unaofuata huliingiza jiko lile lile. Ikiwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaamka na kichwa kinachouma, na kichwa hicho kinapoa wakikaa nje, basi mshukiwa wa kwanza awe jiko.

Bibi yule amekuwa akijilaumu, na wapo waliomsemea maneno makali. Sisi hatukubaliani nao. Alilelewa katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa majani, ambayo upepo uliingia kwa kila upenyo. Moshi wa nyumba zile uliumiza macho na vifua, hilo hatulikani, lakini hewa ilikuwa ikipita. Nyumba ya mwanawe ni ya matofali ya saruji, ina dari, ina dirisha la alumini linalofunga barabara. Alifanya lile lile alilofundishwa na mama yake. Ni nyumba iliyobadilika, na hakuna aliyemwambia. Wajenzi wa siku hizi, na hata sisi wenye kujengewa, tumeona aibu kuacha matundu ya hewa juu ya madirisha, tukidhani yanaharibu sura ya nyumba.

Kuhusu moto wa usiku, Imam Bukhari na Imam Muslim wamepokea kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata habari hiyo aliamrisha moto uzimwe watu wanapokwenda kulala. Jiko la makaa nalo ni moto.

Je, mzazi na mwanawe wapashwe joto vipi? Joto lililo bora kwa mtoto mchanga ni la kifua cha mama yake. Mtoto avuliwe nguo, abaki na nepi, kofia na soksi, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote wawili kwa kitenge na blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Njia hii, ambayo hospitalini huitwa kangaruu, ilianzia Bogotá nchini Colombia mwishoni mwa miaka ya 1970, pale mashine za kuwapasha joto watoto njiti zilipokuwa hazitoshi, na leo hutumika hata katika hospitali zenye mashine hizo. Baba na bibi nao wanaweza kupokezana kifua mama anapochoka. Mzazi mwenyewe apewe vya moto: mtori, supu, uji. Maji ya chupa yaliyochemshwa na kufungwa vyema ndani ya chupa ya plastiki ngumu, ikaviringishwa taulo, hupasha kitanda kabla ya kulala. Iondolewe mtoto anapolazwa, maana ngozi yake huungua upesi. Jiko lenyewe lipashe moto maji na chakula likiwa uani au jikoni penye mlango wazi. Jiko la gesi nalo si la kupashia chumba cha kulala joto.

Ikitokea mmoja amezidiwa, fungueni, mtoeni nje, mpelekeni hospitali hata kama ameanza kusema. Katika hewa ya kawaida sumu hiyo huchukua saa nne au tano kupungua nusu yake tu katika damu, bali kwa oksijeni ya hospitali muda huo hushuka kufikia karibu saa moja. Maziwa na mafuta wanayonyweshwa watu wa namna hii hayasaidii, na aliyelegea anaweza kupaliwa nayo.

Kwa watoto wakubwa kidogo, jambo la kipupwe ni nimonia. Kifua kikishuku, mhesabie mtoto pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano: huyo apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Akibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, asingojewe hata asubuhi. Chanjo ya nimonia inatolewa bila malipo nchini tangu mwaka 2013, mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14. Tazameni kadi.

Msomaji wetu mmoja wa Ngaramtoni anauliza juu ya josho la baada ya hedhi katika baridi hii, maana ana pumu na maji baridi humbana kifua. Upande wa afya tunasema ayapashe maji moto, lakini asiingie na jiko bafuni kama wafanyavyo baadhi yetu, kwani bafu ni dogo kuliko chumba cha kulala. Upande wa hukumu awaulize masheikh wake. Wao watamkumbusha kisa cha Amr bin al-Aas, Allah amridhie, aliyetayamamu kwa janaba katika usiku wa baridi kali vitani Dhaat as-Salaasil kwa kuhofia nafsi yake, na Mtume aliposikia hoja yake akacheka wala asimkemee.

Neno dogo juu ya chai, ambayo msimu huu tunainywa kutwa. Maji ya sehemu nyingi za kwetu yana floridi nyingi, na ndiyo iliyoyatia meno yetu rangi ya kahawia. Kuchemsha huua vijidudu, bali floridi haiondoki. Maji yakikauka sufuriani huzidi. Majani ya chai yana floridi yake, na magadi tunayotia katika maharage na makande huongeza. Watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno yao ya ukubwani bado yanaumbika, wapewe maji ya mvua au ya bomba lililopimwa, na magadi yapungue chunguni.

Mafua na vikohozi tuliyoyaahirisha, pamoja na vumbi la Agosti na macho ya watoto, yatafuata wiki ijayo inshaAllah. Mtoto wa nyumba ile, tulipowatembelea Jumatatu, alikuwa amelala kifuani pa bibi yake chini ya shuka jekundu, na dirisha limeachwa wazi kiasi cha upana wa kiganja.