Sherehe za Likizo: Asibaki Mtoto Nyumbani

Sifa zote njema ni zake Allah Subhaanahu Wata'ala, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyeifuata njia yao kwa wema.

Ndugu Waislamu, kila ufikapo mwezi wa Disemba shule hufungwa na watoto wetu huanza likizo ndefu. Huo ndio pia msimu ambao shule ndogo za jamii, yaani chekechea na madrasa zilizojengwa ubavuni mwa misikiti yetu, hufanya shughuli zake za mwaka: mahafali ya watoto wanaokwenda darasa la kwanza, mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, siku ya wazazi, michezo na ziara. Tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili katika toleo hili, kwani katika shughuli hizo imeingia desturi ambayo tusipoirekebisha mapema, itaifanya furaha ya watoto wote kuwa furaha ya watoto wa wenye nacho.

Kabla ya kuieleza desturi hiyo, yafaa tuondoe dhana moja. Wapo miongoni mwetu wanaoona kwamba michezo na sherehe hazina nafasi katika nyumba ya elimu, na kwamba mtoto wa madrasa hapaswi kushika kitu kingine zaidi ya msahafu. Rai hiyo haiafikiani na mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa ngao na mikuki ndani ya msikiti wa Madina, naye Mtume (s.a.w.) akasimama akimsitiri mkewe ili atazame, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe aliporidhika. Imepokewa pia kwamba vijana wawili wa kike walikuwa wakiimba nyumbani kwake siku ya Idi, Abu Bakr (r.a.) akataka kuwakemea, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache kwa kuwa ile ilikuwa siku ya Idi. Aidha, aliandaa mashindano ya mbio za farasi, na Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa mmoja wa walioshindana. Basi furaha yenye mipaka ina asili katika dini yetu, na anayeifunga kabisa amekifunga kilichofunguliwa na Mtume (s.a.w.).

Isitoshe, mtoto hana likizo ya kutokuwa na la kufanya. Tukifunga madrasa mwezi mzima bila kumwandalia kitu, atakwenda palipoandaliwa. Kila mzazi wa mjini anayajua madisko toto yanayotangazwa kwa vipaza sauti msimu wa sikukuu, ambako watoto wa miaka sita na saba hufundishwa kukata viuno mbele ya watu wazima wanaoshangilia. Haitoshi kuyalaani madisko hayo juu ya mimbari siku ya Ijumaa ilhali siku ya Jumamosi mlango wa madrasa una kufuli.

Kwa hiyo hatuna ugomvi na sherehe za likizo. Ugomvi wetu ni na bei yake.

Tuangalie jinsi mahafali ya chekechea yanavyoandaliwa katika sehemu nyingi hivi sasa. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, mtoto hupewa barua ya mchango. Ndani yake mna joho na kofia ya mahafali ya kukodi, keki, chakula, maji ya chupa, turubai na viti, spika, mpiga picha na zawadi ya mgeni rasmi. Tarehe ya mwisho ya kulipa huandikwa kwa wino mzito. Mzazi mwenye mshahara hutoa bila kufikiri sana. Lakini mama anayeuza vitumbua alfajiri, au baba anayesukuma mkokoteni, huikunja barua ile na kuiweka chini ya godoro, akiomba riziki ipatikane kabla ya tarehe kufika. Isipopatikana, mtoto huambiwa siku hiyo asiende. Wenzake waliosoma naye alifu mpaka ya mwaka mzima hupita mbele ya nyumba yao wamevaa majoho, naye huwaangalia kutoka dirishani.

Ndugu Waislamu, tulitafakari jambo hilo kwa macho ya mtoto. Hajui maana ya bajeti, wala hajui bei ya kukodi turubai. Analolijua ni kwamba ustadhi wake alimfundisha kuwa Waislamu ni ndugu, kisha siku ya furaha ukatolewa ushahidi kwamba wapo ndugu wa kuingia na ndugu wa kubaki nje. Somo hilo hulishika kwa haraka kuliko yote tuliyomfundisha kwa mwaka mzima, na huenda akalibeba moyoni hadi utu uzima. Baadaye tunashangaa kwa nini vijana wa nyumba za kimaskini hawakai misikitini.

Sharia yetu ililiona tatizo hili na ikaliwekea dawa. Zipo hukumu tatu ambazo kila kamati ya shule ingefaa izisome kabla ya kuandika barua ya mchango.

Hukumu ya kwanza ni Zakatul-fitri. Mtume (s.a.w.) aliamrisha itolewe kabla ya watu kutoka kwenda kwenye Swala ya Idi, na Ibn Abbas (r.a.) alieleza kuwa miongoni mwa hekima zake ni kuwa chakula cha maskini. Zingatieni mpangilio huo: chakula cha asiye nacho hutangulia, ndipo sherehe ya wote ifuate. Kwetu sisi mpangilio umepinduliwa. Sherehe hupangwa kwanza, kisha maskini hutakiwa ajitafutie namna ya kuifikia.

Hukumu ya pili ni ya vazi. Katika hadithi ya Ummu Atiyya (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliamrisha wanawake wote watolewe kwenda uwanja wa Idi, hata wale walio katika udhuru wa kutoswali, ili washuhudie kheri na dua ya Waislamu. Akaulizwa: je, asiyekuwa na jilbabu? Hakusema abaki nyumbani. Alielekeza kwamba mwenzake amvishe katika jilbabu lake. Ikiwa kukosa vazi la wajibu hakukuwa sababu ya mtu kubaki nyuma, vipi kukosa joho la kukodi kuwe sababu?

Hukumu ya tatu ni ya karamu. Imethibiti kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba chakula kiovu kabisa ni chakula cha walima ambacho huitiwa matajiri na kuachwa maskini. Pilau yaweza kuwa ya halali, nyama yake imechinjwa kwa Bismillahi, na bado karamu ikawa mbaya kwa sababu ya orodha ya walioalikwa. Hadithi hii ni nzito, na wala haikuwabagua wenye harusi peke yao.

Tunajua jibu litakalotolewa na walimu na wajumbe wa kamati, na ni jibu la haki linalohitaji kusikilizwa. Watasema: shule hizi hazina mfadhili. Tanzania ilipoondoa ada na michango ya lazima katika shule za serikali kuanzia Januari 2016, chekechea na madrasa za misikitini hazikuwemo katika mpango huo. Mwalimu wake hulipwa kwa ada ndogo inayochelewa, na pengine ziada ya mchango wa mahafali ndiyo inayomwezesha kufika Januari. Ukiondoa mchango, umemwondolea mwalimu kitoweo.

Hayo ni kweli. Lakini dawa yake ni kutenganisha mambo mawili yaliyochanganywa. Ujira wa mwalimu ni haki na deni juu ya jamii nzima. Haifai kufichwa ndani ya bei ya keki. Kamati iwaeleze waumini waziwazi mwalimu anadai kiasi gani na mwezi wa likizo atakula nini, na mchango wa Ijumaa moja au mbili uelekezwe huko. Sherehe nayo ipangwe kwa kadiri ya uwezo wa jamii, bila kumwekea mtoto yeyote bei mlangoni. Mwenye uwezo anayetaka kugharimia zaidi akabidhi mchango wake kwa kamati kwa siri, ugawanywe kwa wote, wala majina ya waliotoa na wasiotoa yasisomwe hadharani.

Huenda mtu akauliza: sherehe isiyo na fedha itakuwa na nini? Tunajibu kuwa itakuwa na mengi. Badala ya joho, ambalo asili yake si yetu, kanzu na kofia kwa wavulana na mtandio mweupe kwa wasichana vinatosha, na asiye navyo aazimwe na jirani kama tulivyofundishwa. Badala ya sahani za kuhesabu vichwa, chakula kipakuliwe kwenye masinia, watoto wanne au watano kwa sinia moja, na kila nyumba ilete kilichopo: mwenye mchele alete mchele, mwenye nazi alete nazi, na asiye na kitu alete mikono yake ya kupika na kuosha vyombo. Michezo haihitaji kukodiwa. Kuvuta kamba, mbio za magunia, rede na kombolela watoto wanaijua kuliko sisi. Wasichana nao wapewe uwanja na wakati wao, wasiachwe kuwa watazamaji.

Hata vifaa vya kufundishia na kuchezea si lazima vinunuliwe dukani. Mradi wa chekechea za madrasa ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kisha ukafika Zanzibar na Uganda, ulijengwa juu ya kamati za wenyeji na vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana mtaani kama vile vifuu, mbegu na makopo. Wiki moja ya likizo ambayo wazazi na watoto watakaa kutengeneza vifaa hivyo ni shughuli njema, na faida yake itabaki darasani mwaka mzima.

Katika mashindano ya Qur'ani nako pana marekebisho. Aghalabu tunashindanisha watoto wawili au watatu wenye hifdhi kubwa, na waliobaki hukaa kupiga takbiri. Ziwekwe ngazi: aliyehifadhi sura kumi ashindane na mwenzake wa sura kumi, na pawe na fungu la tajwidi, la adhana, na la kueleza namna ya kutawadha. Aliyeanza mwaka bila kuijua alifu na sasa anaunga herufi asimamishwe mbele ya wazazi wake, apongezwe.

Ama ziara, waliozoea kuzipeleka ufukweni kwa basi la kukodi wazitazame upya. Pwani yetu imejaa alama za Uislamu ambazo watoto wanaoishi jirani nazo hawajaziona. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107. Bagamoyo wanayo magofu ya Kaole. Wa kusini wanayo Kilwa Kisiwani, mji aliofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Katika kitabu cha safari zake amesimulia kwamba Ijumaa moja sultani wa Kilwa, Abul-Mawahib Hasan bin Sulaiman, alipokuwa akitoka kuswali, fakiri mmoja alimwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia katika nyumba ya khatibu, akazivua, akavaa nyingine, na fakiri akapewa zile. Mtoto anayesimulia kisa hicho juu ya ardhi ya Kilwa atakuwa amejifunza tarikh na adabu kwa pamoja. Na ambao hawawezi kufika huko wapelekwe kwa miguu kwa mzee wa mtaa aliyesoma zamani, awasimulie madrasa yao ilivyoanza.

Tunawakumbusha pia kwamba mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa takriban siku 11. Kwa hesabu za wanafalaki, Ramadhani itarudi ndani ya likizo ya Disemba kuanzia mwishoni mwa mwaka 2030, kama ilivyokuwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Likizo, futari na Idi vitakutana, na gharama zitarundikana juu ya nyumba zile zile. Desturi tutakayoijenga sasa ndiyo itakayotuhudumia au kutuelemea wakati huo.

Tunaziomba kamati za misikiti na shule zikae mapema, kabla barua za mchango hazijachapwa, na zianze kikao kwa kumtaja kimya kimya mtoto maskini kuliko wote shuleni. Kila jambo litakalopendekezwa lipimwe kwake: je, ataweza kuja? Akiweza yeye, wataweza wote. Asipoweza, jambo hilo lipunguzwe au liachwe. Maimamu nao walitaje suala hili katika khutba za mwezi Novemba, na wazazi wenye uwezo wasisubiri kuombwa.

Tunamuomba Allah awabariki walimu wetu wanaofundisha kwa ujira mdogo, awakuze watoto wetu katika kheri, na azifanye furaha zetu kuwa sababu ya kuungana kwa nyoyo. Wabillahi tawfiq.